Marehemu Hakuniita

Vijana mtakaosoma haya, msiniulize kama naamini ndoto. Naamini kilichonipata. Nyinyi mmezaliwa amani imekwisha kukaa, mnaiona kama mvua, kwamba huja yenyewe. Haiji yenyewe. Kaeni niwaambie.

Usiku ule wa kuamkia siku ya malori sikutaka kulala. Mizigo ilikuwa imefungwa. Mwanangu Rwegasira alikuwa amekunja hata turubai lililotusitiri kambini, tukalala nje kama mbuzi wa mnadani, kwa sababu bwana mkubwa wa msaada alisema asubuhi tunarudishwa kwetu, ng'ambo ya mto. Maadui wameondoka, alisema. Nchi rafiki zimekaa nao mezani, wamekubaliana, amani ipo.

Ng'ambo ya mto ndiko kibanja chetu kilipo, shamba la migomba na kahawa la baba zake mume wangu. Na huko ndiko alikobaki mume wangu mwenyewe, Ta Kaijage, siku jeshi la nchi jirani lilipotuvamia. Alirudi kumfungua ng'ombe kamba. Tukasikia bunduki. Hakutoka. Hatukumzika. Kwa hiyo msidhani kulikuwa na mtu kambini aliyetaka kurudi kuliko mimi.

Lakini nilikuwa na jambo rohoni.

Wasaidizi siwasemi vibaya wote. Unga wao ndio uliotuvusha. Tena vijana wa nchi za watu walikuja na bunduki zao wakasimama na vijana wetu darajani, wengine hawakurudi kwa mama zao. Mmoja wao, Kiswahili chake cha kuokoteza, nilimpa kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni hupewa kahawa iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa, na mwenyeji hutafuna ya kwanza mbele yake, mgeni aone haina sumu. Nikatafuna. Naye akatafuna, uso ukamkunjamana.

"Bibi, hii ni dawa au adhabu?"

"Yote mawili. Tafuna."

Alicheka mpaka akapaliwa. Wiki ile ile akafa darajani, na mpaka leo sijui kwao ni wapi.

Sasa huyu bwana mkubwa, alipotuletea habari ya malori, naye nilimpa kahawa. Nikatafuna ya kwanza akiniona. Akashukuru sana, kwa maneno mengi, akaitia mfukoni.

Rwegasira alinivuta kando. "Mama, usimtazame hivyo. Hajui mila."

"Yule askari aliijua?"

"Basi labda huyu ana meno mabovu," akasema mke wa Rwegasira, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayekuletea neno zito, halafu asiweze kula nawe punje moja, unamwangalia mara mbili.

Nilikaa na wazo hilo, mgongo nimeuegemeza kwenye godoro lililofungwa, mpaka usingizi ukaniiba.

Nikajiona niko kibanjani. Sikuvuka mto wala sikupanda lori, niko tu. Majani makavu yamefagiliwa vizuri, na hilo ndilo lililonitia shaka la kwanza, maana kama kwetu hakuna mtu, nani amefagia? Katikati ya migomba pamepangwa viti, viti vya ofisini vyenye mito, na vimekaliwa na wageni wa nchi nyingi. Bwana mkubwa wa msaada yumo. Wanauzungumzia mto wetu, wanavizungumzia vibanja vyetu, kwa sauti nzuri za watu walioshiba, na kila mmoja ananyoosha mkono kuonyesha mahali amani ilipo. Huyu anaonyesha huku, yule anaonyesha kule. Nami nimesimama nyuma yao na kapu langu kichwani, nikitafuta pa kulitua. Hakuna anayegeuka.

Upepo unakuja. Majani makavu yanayoning'inia kwenye migomba yananyanyuka kama gauni la mwanamke anayeruka mfereji, na chini yake naona viatu. Viatu vya askari, vimejaa udongo mbichi. Natazama mgomba wa pili, viatu. Natazama mpaka mwisho wa kibanja, kila shina limevaa viatu, na hakuna shina linalopumua kwa nguvu. Wanasubiri. Wageni wamekaa wamewapa mgongo, wanaendelea kusema. Nataka kuwaambia geukeni, lakini ulimi umekuwa mzito kama ugali uliolala.

Kisha kibanja si kibanja tena. Ni ukingo wa mto, pale darajani. Maji hayana sauti. Juu ya gogo amekaa Ta Kaijage, na shati lake la siku ile, anatafuna kahawa polepole kama alivyokuwa akitafuna jioni akifikiria jambo. Pembeni yake amekaa yule askari wa mbali. Naye anatafuna, na uso wake haukunjamani tena. Ameizoea.

Wote wawili wamekufa. Ninajua, na wao wanajua kwamba ninajua.

Nikapiga magoti kama tunavyowasalimu waume zetu. Nikamwambia, "Baba Rwegasira, kesho nakuja kukuzika."

Hakunitazama. Alisema, "Sikukuita."

Wanangu, neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki. Kwetu aliyelala bila kaburi huita. Huita kwa ndoto, huita kwa ugonjwa wa mtoto, huita mpaka aitikiwe. Kambi nzima ilikuwa ikiniambia, mama, mwenzio anakuita, nenda. Nami nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kumwitikia. Leo niko mbele yake, ananiambia hakuniita.

Nikasema, "Mifupa yako iko nje. Mvua inainyeshea."

"Mifupa haina haraka," akasema. "Uliza mwenye haraka ni nani."

Askari yule ananyoosha kidole bila kusema, nami nafuata kidole chake. Malori yako ukingoni. Ni yale yale ya kambini, na watu wetu wanashushwa kwa nyuma, watoto wanapokewa mmoja mmoja, masufuria, magodoro. Lakini kila lori limeelekezwa pua kulikotoka. Hakuna hata moja linalotazama daraja. Madereva hawakuzima injini. Mkono unashusha watu, mguu uko tayari kuondoka. Namwona bwana mkubwa amekaa mbele katika lori la kwanza, ameshika saa yake mkononi, na mfuko wa shati lake umetuna.

Ta Kaijage akamgusa yule askari gotini. "Huyu alikuja akakaa," akasema.

Na mimi, kwa uchungu, nikanyoosha mkono nipewe kahawa, nikae nao hapo kwenye gogo, mambo yaishe. Ta Kaijage akafumba kiganja. Ndipo aliponitazama, kwa mara ya kwanza, macho yake yale yale ya kunigombeza bila kelele. Akasimama. Nasikia harufu yake, tumbaku na jasho la mtu aliyetoka kukata majani. Ananiwekea mkono kifuani, ananisukuma, si kwa hasira, kama mtu anavyomrudisha ndama aliyepita mlango usio wake.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka, umande umenilowesha kitambaa cha kichwa, na injini za malori zilikuwa zinanguruma kweli. Rwegasira amesimama juu yangu, mtoto wake mdogo begani.

"Mama, letu ni lile la tatu. Nimekuombea ukae mbele na dereva."

"Nimemwota baba yako."

Uso ukamng'aa. "Nilijua. Anatuita."

"Amekataa."

Akamshusha mtoto. Nilimsimulia kama nilivyowasimulia nyinyi, sikupunguza. Mkewe alisogea akasikiliza, kamba ya mzigo bado iko mkononi mwake. Nilipomaliza, Rwegasira alijikuna shingo kama afanyavyo akitaka kunipinga kwa heshima.

"Mama, marehemu ndiye atupangie safari? Wenye malori wako hai."

"Na wenye bunduki wako hai pia. Nani amekwenda kuwaangalia?"

"Bwana mkubwa amesema wameondoka."

"Sikuuliza amesema nini. Amelala kule?"

"Sijui."

"Kuna mtu wake hata mmoja aliyelala kule, akaamka, akaota moto?"

"Mama, watu wote wanapanda. Tukibaki tutaonekana tunawadharau waliotusaidia. Kesho unga tutaomba kwa nani?"

Hilo nalo ni kweli. Nilitazama watu wa kijiji changu wakipandishana, wengine wanaimba. Nilimwona mama mmoja amebeba mche wa mgomba umefungwa katika kanga, aupeleke akaupande kwao. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kupanda lori. Miguu ndiyo iliyokataa.

"Na Baba?" Rwegasira akauliza, safari hii kwa sauti ndogo. "Tumwache tena nje?"

"Baba yako amesema anaweza kusubiri. Hawa watoto hawawezi kufa halafu wakasubiri."

Ndipo niliposimama, nikajifunga kanga kiunoni, nikawaambia watu wa nyumba yangu hivi: "Rwegasira, nenda kwa bwana mkubwa, uvue kofia, umshukuru kwa unga, na umshukuru kutoka moyoni kwa sababu tumeula. Halafu umwambie sisi tutavuka siku ambayo hema lake litasimama kibanjani kwa baba yako, na askari wa hizo nchi rafiki wamelala humo, wakaamka, wakabaki. Akikubali, tutambebea hema kichwani. Akianza kutazama saa, rudi. Wewe mama watoto, fungua godoro, wamba turubai, bandika uji. Na mtu wa nyumba hii asikanyage lori mpaka niseme mimi, hata mkinisikia namlilia mume wangu."