Karatasi Iliyopewa Likizo

Yule mama Mkongomani wa mtaa wa St Marys, ambaye baadhi yenu mlisali naye, ametutoka. Ni korona. Aliipata katika nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha, zamu juu ya zamu, maana wenzake walikuwa wagonjwa. Mji umefungwa tena, basi tumemzika kupitia simu, kila mtu jikoni kwake, na matanga hayakukaliwa. Nina hasira, na sitaificha.

Tulijuana katika makumbusho moja ya jijini, mbele ya mchoro wa Kiajemi. Nilimsikia akiuongelesha kwa Kiswahili, nikageuka kama niliyeitwa. Mchoroni kijana amepiga magoti, kichwa kimeinama. Wino mwembamba, rangi kidogo tu mashavuni na kwenye mshipi. "Ni kaka yangu huyu," akaniambia bila hata salamu. "Vile anainamisha kichwa, ni yeye kabisa." Kaka huyo aliuawa vitani, na picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba. Sura yake ilikuwa imeanza kumtoka akilini, hadi alipouona mchoro ule. Tangu hapo, kila siku yake ya mapumziko alipanda treni kuja kumwona. Nilipomshauri ampige picha, alinicheka: "Papa, mutu unaenda kumusalimia, haumufungie mu simu."

Kisha mji ukafungwa mara ya kwanza. Alikuwa akinipigia kuniuliza, kaka yake sasa anaonana na nani? Ulipofunguliwa tukaenda pamoja, barakoa usoni. Ukutani palikuwa na mchoro mwingine. Mhudumu akatueleza kwa upole kwamba mwanga huzichosha rangi za karatasi. Ikikaa ukutani miezi michache, hurudishwa gizani ipumzike miaka. Mama akacheka hadi machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. "Banapumuzisha karatasi! Na miye, nani atanipumuzisha?" Alikuwa na zamu mchana ule. Akaenda.

Siwalaumu wa makumbusho, wanachokithamini wanakitunza. Lakini watunza wazee wetu na wapakiaji wa maghalani tuliwapigia makofi, kisha tukawaongezea zamu. Nani aliwahi kumwambia mama yule, leo kaa?

Siku moja mchoro utarudi, mashavu yakiwa na wekundu ule ule. Nitakwenda kumsalimia kijana yule, na itanibidi nimwambie kwamba dada yake hatakuja tena. Nawe, kama kwako kuna mtu anayerudi kazini akalala na viatu, mvue leo. Wakimpigia simu kumwita zamu nyingine, waambie amelala.