Herufi Zisizo na Mwenyewe

Kwa miaka kumi na moja ya kutunza seva za watu, fundi huyu hakuwahi kupoteza faili hata moja, na alipenda jambo hilo lijulikane. Asubuhi ile, akiwa ofisini, aliingia kwenye seva ya hospitali iliyo mji mwingine, akafungua dirisha la pamoja, lile ambalo kila aliyemo huona maandishi yale yale na kuandika kwenye mstari ule ule. Dirisha lilikuwa limesinyaa hadi robo ya kioo. Pembeni, nukta tupu.

"Hii nini tena?"

Mwenzake wa meza ya pili akanyoosha shingo. "Kuna mwingine ndani, dada. Kioo chake kidogo, ndiyo maana tunabanwa."

Sheria yao ni moja: kabla hujagusa kitu humo, andika jina, wengine waondoe mikono kwenye vitufe. Jina halikuwepo. Zikatokea herufi: jjj, kisha mmmm. Akausoma mstari zilipokuwa zikijibandika. Ilikuwa amri ya kufuta picha kuukuu za eksirei, aliyoianza mwenyewe jana akiwa nyumbani, akaiacha njiani kabla ya kutaja folda. Ilivyokaa, bila folda, kubonyeza mara moja kitufe kikubwa cha enta kungefagia kumbukumbu za wagonjwa wote.

Kwenye dirisha jingine akaitisha orodha ya walioingia. Wawili: yeye, na mashine ya nyumbani kwake.

Akapiga simu nyumbani. Mama mkwe akapokea.

"Mama, uko wapi?"

"Mezani kwako, mwanangu, napangusa vumbi. Mashine umeiacha wazi, chafu hiyo! Mtu mzima na elimu yake…"

"Mama, toa mkono!"

"Ngoja, kimebaki hiki kitufe kikubwa."

Fundi akarukia kibodi.

"Ghairi, dada! Ghairi mstari!" mwenzake akapiga kelele.

Akabonyeza vitufe vya kughairi. Mstari ukatoweka. Akaitoa mashine ya nyumbani kwenye seva. Nukta zikafutika, dirisha likatanuka.

"Nimevunja kitu?" sauti ya simuni ikauliza.

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekaribia kuvunja."

"Hakuna aliyeona," mwenzake akanong'ona.

Fundi akamtazama kama asiyemfahamu, kisha akampigia mkuu wa kumbukumbu wa hospitali.

"Samahani, mzee. Nusura niwapotezee faili sasa hivi. Uzembe ni wangu."

"Faili ngapi?"

"Zote."

Upande wa pili wa simu kiti kilisikika kikivutwa, mtu akiketi.