Siku Askofu Aliponihoji

Mpaka leo nikisikia harufu ya chikori ikichemka kwenye maziwa, husogeza kikombe mbali. Ni harufu nzuri, ya kahawa ambayo si kahawa, na Wabelgiji wengi huipenda. Lakini kwetu Saint-Gilles, Ubelgiji, ghorofa ya tatu karibu na stesheni ya Midi, chikori iliingia siku ileile na dini. Papa na Mama walipobatizwa kwa Wamormoni, kahawa ilitoka nyumbani, chai ikaifuata, na bia ikapigwa marufuku kabisa.

Hapo kwenye bia ndipo palipokuwa na shida, maana Papa alikuwa mwimbaji. Wakongo wa Matonge, mtaa wao hapohapo mjini, walimwita Chumvi ya Katuba, jina alilotoka nalo Lubumbashi, na harusi bila Chumvi walisema haijakolea. Kazi yake ilikuwa kuimba na kutupa majina: katikati ya wimbo anamtaja mtu fulani, anampamba, na mtu huyo anapanda jukwaani kifua mbele kumfuta jasho. Desturi hiyo ilikuwa imemwingia damuni. Jumapili ya kwanza ya mwezi, waumini wanapofunga na kusimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda, Papa alimshukuru Mungu vizuri tu, kisha sauti ikampanda: "Evêque wetu, mwanaume ya kweli, papa ya bantu yote!" Askofu, Mbelgiji mpole mwenye duka la miwani, kwani kwao askofu ni muumini mwenye kazi yake, aliangalia viatu vyake. Mama alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Mimi nilikuwa nakaribia miaka minane, umri ambao watoto wa Kimormoni hubatizwa. Papa ndiye angenizamisha majini kwa mikono yake, kwani kwao baba anayeishi kwa kufuata masharti humbatiza mwanawe. Halafu likizo kubwa ikifika tungekwenda watatu hekaluni, Uholanzi, kuunganishwa tuwe familia milele, hata baada ya kufa. Mwalimu wetu wa Jumapili alilieleza jambo hilo kwa furaha tele. Mimi niliogopa. Kama kuna kuunganishwa, basi kuna kutounganishwa, na nilijiona huko mbinguni nikiulizia wazazi wangu mlango kwa mlango.

Msinicheke. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumehojiwa kwenye ofisi ya wakimbizi, na Mama alikuwa amenifundisha wiki nzima. "Kama banakuuliza kitu haujue, sema sijue," aliniambia. "Neno moja mubaya, banatutenganisha." Karatasi tulipata, lakini onyo lile lilibaki kichwani mwangu. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kabla ya ubatizo askofu atanihoji peke yangu, nilijua mahojiano ni kitu gani.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya mahojiano, Papa alinichukua kwenye harusi, ukumbi mmoja wa barabara ya Chaussée de Wavre. Nilikaa juu ya sanduku la spika, pembeni ya jukwaa. Akamtupia jina bwana mmoja mnene, muuza magari. Bwana yule akapanda, akamfuta jasho kwa leso, akafungua chupa ya bia na kumwekea mdomoni mbele ya watu wote. Kukataa kungekuwa kumwaibisha mkubwa wa watu. Papa akanywa, mafunda matatu. Niliyahesabu. Aliposhusha chupa, macho yetu yakakutana.

Ndani ya basi, tulipokaribia kushuka, aliniuliza:

"Uliona nini, mutoto?"

"Sikuona kitu, papa."

"Bon," alisema, akageukia dirishani.

Kesho yake ofisini kwa askofu miguu yangu haikufika chini. Mlango ulipofungwa nilihisi haja ndogo. Aliniuliza kwa Kifaransa kama nampenda Mungu. Nikasema sijui. Kama nasali? Sijui. Akatabasamu, akajaribu swali rahisi: "Nani atakubatiza?" Hapo nikaanza kulia, na sikuweza kunyamaza.

Askofu akamwita Papa. Papa akaniambia nikangoje kwenye benchi nje. Mlango haukufunga vizuri. Yule mtu aliyezoea kuvuma ukumbi mzima nilimsikia akisema polepole sana: "Mtoto hana kosa. Jana nilikunywa bia, naye aliniona." Nilikumbatia koti langu nikingoja watu wa kuja kututenganisha.

Hakuja mtu. Alitoka Papa, akaniinua, akaniita mama kama alivyozoea kumwita bintiye. "Byote bilisha kuisha, mama. Usilie tena."

Lakini mambo hayakuisha. Askofu alimwambia angoje. Nilibatizwa na mmisionari kijana mwenye mikono ya baridi, na Papa akakaa kwenye kiti kando ya maji na suti yake ya kila siku badala ya nguo nyeupe za kubatizia, kila mtu akijua kwa nini. Hekalu likaahirishwa mwaka mzima. Matonge walimcheka kwamba Chumvi amelowa. Na mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba machozi yangu ndiyo yaliyomsaliti baba yangu.

Nilipokuwa mkubwa nilipewa kufundisha watoto kanisani, nikaja kuyajua maswali ya mahojiano yale. Hakuna hata moja linalohusu mzazi. Askofu asingeniuliza habari za bia hata tungekaa mpaka jioni, na Papa alilijua hilo vizuri, maana maswali yenyewe alikwisha kuyasoma na Mama. Angeweza kusema naogopa maji, na askofu angemwamini.

Nilimfuata Papa huko Evere, anakoishi sasa, nikamuuliza kwa nini alijisema. "Papa, hakuna muntu alikuuliza. Juu ya nini ulisema?"

Alinishangaa, kama vile nimemuuliza jina lake.

"Pombe nilikunywa miye," alisema. "Sasa mbona wee ndiyo ulikuwa unalia?"