Kura Yangu Imehamia Mafia

Ndugu wapenzi wa minazi na michikichi, wapambanaji wenzangu, leo nimeshindwa kwa hoja moja.

Kwenye kikao cha Temeke cha kuchagua pa kutembelea, niliinadi Kigoma na michikichi yake kwa ufasaha wangu wote.

Mafia, kisiwa cha minazi kilichoshindana nayo, niliibeza. Nani hajaona mnazi?

Nikapigiwa makofi.

Ndipo Bi Mwanaidi, mshona makuti wa Kurasini, akaniuliza taratibu: “Mwanangu, kitovu chako kimezikwa wapi?”

Nikakiri kwamba sijui.

“Changu kipo Mafia. Mama alipanda mnazi juu yake. Tangu niolewe huku sijauona, na magoti haya hayanisubiri.”

Nilikuwa wa kwanza kuinyooshea Mafia mkono.

Nanyi mngethubutu kupinga?

Jumamosi, saa kumi jioni, palepale: tunapanga safari ya kuutafuta mnazi wa Bi Mwanaidi.