Mwito wa Lelmet

Mama mkwe wangu, Jerop, huamka kabla ya jogoo, akasimama langoni mwa zizi na kunusa upepo. Nimeolewa hapa Saboti miaka kumi na miwili na bado sijui ananusa nini. Nikimuuliza hunijibu, "Fridah, wewe ni mwalimu. Fundisha." Ni mkali, lakini nampenda, wala sioni haya kusema.

Alizaliwa juu mlimani, kwa Wasabaot waliopanda na ng'ombe kufuata nyasi na kuteremka nao baridi ilipozidi. Kwake mlima una mashavu mawili: mvua ikilinyima hili, hulilowesha lile, kwa hiyo ni ujinga ng'ombe wote kulala zizi moja. Ndiyo maana miaka tisa iliyopita alimchukua mtamba wake bora, Lelmet mwenye kichwa cheupe, akamkabidhi rafiki yake Nanyama kule Kimilili. Nanyama angekunywa maziwa; Lelmet na uzao wake wangebaki wa Jerop. Karatasi hakuna. Na ukishakabidhi huendi kuchungulia, maana kuchungulia ni kumwita mwenzako mwizi. Siku ile mama alimwita Lelmet kwa mwito wake, sauti nyembamba inayopanda na kushuka, na Nanyama akaurudia mpaka akaupata.

Mimi na mume wangu Kiptanui tulicheka, ati mama ametupa ng'ombe. Baadaye nilikaa Mabanga siku tatu kwenye semina, nikafundishwa kutawanya mifugo ili ukame usiimalize yote kwa mpigo mmoja. Nilirudi na cheti, na aibu kidogo.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ya Machi ilifika Juni. Mama aliona siafu wakihama, akasema mvua i karibu, tusiwahamishe ng'ombe. Siafu walihama kweli, mvua haikuja. Tulizika ng'ombe sita. Aliendelea kusimama langoni kila alfajiri mbele ya zizi tupu, ila hakunusa tena.

"Hata upepo umejifunza uongo," aliniambia.

Waliobaki ni wa Kimilili tu, kama walikuwepo. Nanyama alikuwa ameshafariki, na mama hakuwa amekanyaga kwake tangu siku ile. Usiku sikumsikia akilia, lakini mchana hakula. Mtu wa ng'ombe bila ng'ombe hajui aweke wapi mikono yake.

Mwezi wa Agosti nilimshika mkono tukaenda. Kimilili ilikuwa imejaa ukungu asubuhi ile, miti ikielea bila mashina, nami nilihisi kama bado nimelala. Wakoli, mwana wa Nanyama, alitupokea kwa heshima.

"Mulembe, mama. Lakini nitakuambia ukweli. Ile ya kichwa nyeupe ilizeeka ikakufa. Hapa ziko kumi na moja, na mama yangu alienda ghafla, mimi nikiwa kazi Nairobi. Sijui gani ni ya nani, bana."

Nilitaka kubishana. Mama alinipita, akaenda mpaka kwenye ua. Malishoni hatukuona kitu ila weupe. Akaita.

Sauti ilipanda, ikashuka, ikapotea. Akaita tena, na safari hii ilitetemeka, nikainamisha macho maana sikuweza kumtazama.

Ng'ombe mmoja akajibu. Kisha wakatokea kwenye ukungu taratibu, wanne, hakuna hata mmoja mwenye kichwa cheupe, hakuna aliyewahi kumwona mama maishani mwake. Walikuja moja kwa moja hadi uani, wakanyoosha shingo.

Wakoli alishika kichwa. "Hiyo sauti! Si mama yangu alikuwa anaita hizo nne hivyo! Zingine aliziita kwa Kibukusu. Nikija likizo namuuliza, mbona hizi unaziita Kisabaot? Ananiambia, zisisahau mwenyewe. Sikuelewa mpaka leo."

Mama aliegemeza paji la uso kwenye shingo ya mmoja wao, akalia. Hakuwalilia ng'ombe. Alikuwa akimtaja Nanyama, mara nyingi, kwa sauti ya chini.

Tulirudi Saboti na watatu. Wa nne mama alimwachia Wakoli, na kabla hatujaondoka alimsimamisha pale uani, mwanamume mzima mwenye ndevu, akamfundisha kuita.