Maboya ya Manjano ya Mzee Merle

Mdogo wangu Alden Pinkham alizaliwa na kasoro mbili kwa mtoto wa pwani ya Maine, Marekani: bahari ilimtapisha, na uongo haukumkaa mdomoni. Baba alimpakia mashuani mara chache, akakata tamaa. "Verna," akaniambia, "huyu mfundishe wewe hata kufuma." Kufuma nako kukamshinda. Alichoweza ni kuchora. Alichora buti la baba na tope lake, akachora kuku wa mama aliyenyonyoka. Mchana alipaka rangi nyumba za watu, jioni akarudi kwenye picha zake. Mwalimu mmoja wa uchoraji alimwambia siku hizi wachoraji wenzake wanachora madoa tu. Alden akamjibu kwamba siku akiliona doa atalichora.

Akaja kumpenda Beulah Crowley, mwenye mwanya na kicheko cha kusikika gati zima. Baba wa Beulah, Mzee Merle, mvuvi wa kamba-kochi, hakutaka kusikia. "Mwanamume gani anatapika maji yakiwa yametulia?" Basi Alden akataka kumlainisha. Wiki nzima alikaa mwambani akiichora ghuba yetu, kisha akaitundika picha katika ukumbi wa kanisa, Jumamosi ya karamu ya maharage, iwe zawadi kwa mzee mbele ya watu.

Maharage ndiyo kwanza yametoka shimoni yalikopikwa kwenye makaa. Watu wakasogea na sahani zao kutazama, kisha wakatazamana. Kwetu kila mvuvi ana rangi zake za maboya, ya kuonyesha mitego yake ilipo, na kila mmoja ana eneo lake. Ukitega kwa mwenzio hamtasemezana mpaka mmoja azikwe. Na pale pichani, nyuma ya Mwamba wa Sili, katika eneo la Hollis Beal, yalielea maboya mawili ya manjano yenye mstari mweusi. Ya Mzee Merle.

Hollis alimaliza kutafuna kwanza. "Jirani, naona umetembea."

"Huyu kijana kakosea," Merle akasema, masikio yamemwiva. "Waambie, Alden. Sema umekosea."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Beulah alishika kijiko asikipeleke kinywani. Nikamfinya ndugu yangu mgongoni: sema umekosea, mjinga wewe, upate mke.

"Nimechora nilichokiona, mzee," akasema. "Yakiondoka nitayafuta."

Merle akatoka, akaacha mke, kofia na maharage. Njia nzima ya kurudi nilimsema Alden. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nikamwambia, lakini Mungu hakuozeshi binti. Nikamwangalia usoni. Alikuwa analia, na mimi roho ikaniuma.

Jumatatu asubuhi Merle yuko mlangoni, amenuna. "Nimeyatoa. Hollis nimemwomba radhi. Haya, futa."

"Bado sijaona, mzee."

Nilitamani ardhi inimeze. Merle akamkodolea macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Panda mashua basi, ukaone."

Beulah akaenda nao, kashika ndoo. Alden alitapika kwenda na kurudi, akayaona maji matupu, akaja akayapaka kijani cha bahari yale manjano ya pichani. Merle akanivuta pembeni. "Nilidhani anajipendekeza kwangu. Kumbe huyu hata akitaka hawezi." Theluji haijaanguka, harusi ikawa imekwisha.

Picha zake zilikuja kununuliwa hadi Boston, sijui na akina nani wapendao buti chafu. Alden alimchora Beulah kila mwaka. Mikunjo ilipokuja akaichora, kidevu cha pili kikaja, nacho akakichora. Mimi ningemvunjia brashi.

Majuzi, uzee umeshatuingia sote, nilimkuta wifi yangu amesimama mbele ya picha mpya, yeye huyo anamenya viazi. Aliitazama sana.

"Verna, kumbe bado mimi mzuri."

"Si kachora mumeo," nikamtania.

"Ndiyo maana nimeamini," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.