Phelesia na Hamu ya Udongo

Wanaomsifu Phelesia siku hizi kwa utulivu wake hawakumwona akiwa na mimba. Mimi nilikuwa jirani yake pale Magunga, tena mlaji mwenzake, kwa hiyo nina haki ya kusema. Odowa, ule udongo laini wanaoutamani wajawazito, aliufunga kwenye fundo la leso na kuutafuna hata kanisani.

Tuliuchimba wenyewe kwenye ukingo wa kijito nyuma ya boma. Udongo mtamu uko chini, basi kila mwaka tulizama ndani zaidi na kuuacha wa juu ukining'inia. Mwaka wa 1997, mvua ya El Nino ilipoanza, ufa ulitokea juu ya shimo. Mwanzoni kidole tu kiliingia humo. Baadaye mkono mzima. Wote tuliuona na bado tuliingia, kwa sababu udongo ukilowa hunukia, na harufu ile haina adabu.

Phelesia aliogopa kuliko sisi. Zahanati walikuwa wamemwambia damu yake imepungua, aache udongo la sivyo atampoteza mtoto. Akaapa mbele ya mchungaji kwamba haonji tena. Alivumilia hadi Alhamisi. Ijumaa alikula wa siku zote alizokosa, akalia, akatapika, akala tena.

Alikuwa akifua na kupika kwa Bwana Perera, mhandisi wa maji kutoka Sri Lanka, mfuasi wa Buddha. Kila asubuhi Perera alikaa kwenye mkeka, macho chini, bila kuomba chochote. Tulimcheka sana. Siku moja alimkuta Phelesia jikoni akitafuna huku akilia.

"Wewe napigana na hiyo hamu," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Halafu nachoka, nafuata. Ikikuja, kaa chini. Iko wapi? Ulimi? Koo? Angalia tu. Usifukuze, usipatie kitu."

"Nikiangalia itaisha?"

"Itaenda. Itarudi. Wewe angalia tena."

Phelesia alinuna. Alitaka dawa, akapewa kazi. Lakini asubuhi iliyofuata, akiwa amepiga magoti mdomoni mwa shimo, jembe mkononi, aliketi. Aliniambia baadaye kwamba hamu ilimkaba koo, ikapanda hadi kwenye meno, kisha ikalegea yenyewe. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na siku zilizofuata vilevile. Hakumwambia mtu, maana alichelea kusemwa kwamba amehamia dini ya Perera.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira hadi leo. Kwetu, mjamzito akitamani kitu, watu wa mume humletea. Kezia, wifi yake, aliona leso ya Phelesia haina fundo tena, akadhani ameishiwa na anaona haya kuomba. Mvua ilipokatika alipita kwangu na karai.

"Naenda kuchimbia yuora odowa," akasema, yaani wifi yake Phelesia. "Anaona aibu kuniambia."

"Ngoja wanaume warudi waangalie hiyo ufa kwanza."

"Ni kuingia na kutoka tu."

Akacheka, akaenda. Nilikuwa bado naosha sufuria niliposikia kishindo. Wanaume walichimba hadi jioni, na walipomtoa alikuwa ameshakufa, karai likiwa bado kifuani.

Siku ya mazishi manyunyu yalianguka, na udongo uliochimbuliwa kaburini ukaanza kunukia. Kila mtu alitupa konzi yake. Phelesia alipofika, alichota, akasimama. Nilikuwa nyuma yake kidogo, nikaona koo lake likimeza, likameza tena. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni, mbele ya jeneza la mtu aliyekufa kwa ajili yake. Watu walidhani anazuia kilio. Mimi nilijua, kwa sababu na mdomo wangu ulikuwa umejaa mate.

Macho yake yalikuwa chini kama ya Perera kwenye mkeka. Hakutikisika. Mchungaji alikohoa, waombolezaji wakaanza kuguna, mtu akamshika bega, na bado ngumi ilikuwa imefungwa. Niliogopa sana. Kisha mkono ukafunguka na udongo ukaanguka juu ya mbao.

Akanipisha. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu.